Mbube: Simba Aliyeuzwa Shilingi Kumi

SEHEMU YA KWANZA

Johannesburg, 1939. Katika studio ya Eric Gallo wamesimama wanaume sita waliovalia nadhifu, suti zimenyooka, viatu vinang'aa. Ni kundi la Evening Birds. Anayewaongoza ni Solomon Linda, kijana mrefu wa Kizulu kutoka Msinga, ambaye utotoni alichunga ng'ombe huku akiwatazamia simba. Wimbo waliokuja kuurekodi unamhusu mnyama huyohuyo, nao unaitwa kwa jina lake la Kizulu: "Mbube".

Mara ya kwanza wakaharibu. Mara ya pili, hola. Mtayarishaji, Griffith Motsieloa, uvumilivu ukamwisha. Akachungulia ukumbini, akawakamata wapiga ala waliokuwa karibu: mmoja wa piano, mmoja wa gitaa, mmoja wa banjo. Haya, tena!

Mara ya tatu mambo yakakaa sawa. Mabesi wanazunguka na maneno machache yaleyale, mazito, bila haraka, na juu yao Linda anapaa kwa sauti nyembamba karibu na ya mwanamke. Wimbo unakaribia kwisha. Hapo ndipo alipofungua kinywa na kutoa mstari ambao haukuwa kwenye mazoezi, sauti tupu isiyo na neno hata moja. Ni sekunde chache tu, kisha santuri inaisha.

Naomba uzishike sekunde hizo, kwa sababu kila mwizi atakayepita katika simulizi hii atazifuata hizo.

Linda aliiuzia Gallo haki za wimbo kwa shilingi 10. Kampuni ikampa na kazi ya kufungasha santuri, na pengine zake mwenyewe zilipita mikononi mwake, maana hadi 1948 zilikuwa zimeuzwa zipatazo 100,000. Wazulu wakauchukua mtindo mzima wa kuimba hivyo wakaupa jina la wimbo. Kwao Linda alikuwa nyota. Mfukoni alikuwa kibarua.

Huko New York, kifurushi cha santuri kutoka Afrika Kusini kilikuwa kimefika katika kampuni ya Decca, na hakuna aliyekitaka. Kilikuwa njiani kwenda jalalani. Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za jadi, akakiokoa na kumpelekea rafiki yake mpiga banjo, Pete Seeger, aliyekuwa kitandani kwa mafua. Seeger akaweka sindano. Akasikiliza, akarudia, akarudia tena, kisha akashika kalamu aandike anachosikia.

Neno la kwanza tu akalikosea.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Seeger, mafua yamembana, anaandika maneno ya Kizulu asiyoyajua. SASA ENDELEA.

Wazulu waliimba "uyimbube", yaani wewe ni simba. Seeger akasikia "Wimoweh", akaandika hivyo, na kundi lake la The Weavers likaurekodi kwa jina hilo mwaka 1951. Mwaka uliofuata ukapanda chati za Marekani.

Kwenye lebo ya santuri, mahali pa mtunzi, palisomeka Paul Campbell. Usimtafute, hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni ambalo Weavers na wachapishaji wao walilitumia kila walipochukua wimbo wa jadi. Hapo ndipo hila yenyewe ilipolala. Ukishasema wimbo ni wa jadi, hauna mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko hai Johannesburg na ana anwani. Seeger baadaye alisema aliagiza Linda apelekewe dola 1,000. Nia njema sikatai, lakini jina halikurudi.

Baada ya hapo ukawa wa kila mtu. Kingston Trio, 1959. Miriam Makeba, 1960, akiurudisha kwenye Kizulu. Kisha mwaka 1961 vijana wa Brooklyn, The Tokens, wakauleta kwa watayarishaji Hugo Peretti na Luigi Creatore. Nao wakamwita George David Weiss, ambaye mwaka huohuo waliandika naye wimbo wa Elvis Presley, "Can't Help Falling in Love". Weiss akazichukua zile sekunde za Linda, akazivika maneno ya Kiingereza, na simba wa mbugani akahamishiwa msituni na kulazwa usingizi. "The Lion Sleeps Tonight" ulitolewa upande wa pili wa santuri, kama nyongeza tu. Desemba ulikuwa namba moja Marekani.

Mwaka 1962 Solomon Linda akafariki kwa ugonjwa wa figo. Mjane wake, Regina, alikaa miaka 18 bila uwezo wa kuweka jiwe kaburini.

Wimbo haukufa. Mwaka 1982 Tight Fit waliufikisha namba moja Uingereza. Mwaka 1994 Disney wakautia katika filamu ya The Lion King, yenye shujaa wa jina la Kiswahili, Simba. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan akaifukua hadithi nzima katika jarida la Rolling Stone na kukadiria kwamba matumizi ya Disney pekee yalizalisha dola milioni 15.

Mabinti wa Linda wakapata wakili wa hakimiliki, Owen Dean. Huyu hakuanzia Marekani. Alifungua sheria ya kikoloni ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyosema kuwa hata mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake zinarudi kwa warithi. Linda alikufa 1962. Jumlisha 25: 1987. Filamu ilitoka miaka saba baadaye!

Lakini unamshitakije mtu asiyekuwepo nchini? Dean aligundua kuwa Disney walikuwa na kitu Afrika Kusini: alama zao za biashara. Mwaka 2004 mahakama ya Pretoria ikaamuru zizuiliwe, Mickey Mouse akiwemo. Kesi ikapangwa kusikilizwa Februari 2006.

Februari ikafika. Kesi haikusikilizwa.

ITAENDELEA WIKI IJAYO