Leo, simba mweupe wa Japani aliyemtangulia Simba wa Disney

Ukitaja simba wa katuni, wengi wanamkumbuka Simba wa The Lion King, filamu ya Disney ya mwaka 1994. Lakini miaka 44 kabla yake, huko Japani, alishazaliwa mwingine: mweupe pee, yatima, na mwenye wazo ambalo mkazi wa Karatu au Ngorongoro akilisoma lazima atasimama kidogo. Anaitwa Leo.

Hadithi yake inaitwa Jungle Taitei, yaani Mfalme Mkuu wa Msituni. Ni manga, kama Wajapani wanavyoziita hadithi zao za picha. Ilianza kutoka Novemba 1950 kwenye jarida la Manga Shonen, mwezi hadi mwezi, mpaka Aprili 1954. Aliyeichora ni Osamu Tezuka, ambaye wakati inaanza alikuwa kijana wa miaka 22 anayesomea udaktari Osaka. Udaktari aliumaliza, ila wagonjwa hawakumpata. Alibaki kwenye katuni mpaka alipofariki Februari 1989, na Wajapani wanamwita mungu wa manga.

Hadithi yenyewe

Baba yake Leo, Panja, ni simba mweupe anayetawala msitu fulani wa Afrika. Anauawa na mwindaji. Mama yake, Eliza, anakamatwa akiwa na mimba na kupakiwa melini kupelekwa kwenye bustani ya wanyama. Leo anazaliwa humo humo, ndani ya tundu. Mama anamwambia atoroke, arudi nyumbani akashike nafasi ya baba yake. Mtoto anajitupa baharini.

Hafiki moja kwa moja. Kwenye manga anaokotwa na binadamu na kulelewa nao, anajifunza lugha yao na mambo yao, ndipo baadaye anarudi msituni. Anarudi akiwa simba mwenye mawazo ya mjini, na hapo ndipo vituko vinaanza. Anataka wanyama waongee lugha ya watu, wasome, na waache kulana. Wazee wa msituni wanamshangaa. Rafiki zake wa karibu ni kasuku, nyani mzee mwenye busara na swala anayeitwa Tommy. Kwa msomaji wa Karatu jina hilo wala halihitaji maelezo, swala tomi si mgeni kwetu.

Bambi naye yumo

Tezuka alikuwa shabiki wa Disney kupita kiasi. Bambi, filamu ya mwaka 1942 iliyotokana na kitabu cha Felix Salten cha 1923, ilifika kwenye kumbi za Japani mwaka 1951, wakati Leo ameshaanza safari yake. Tezuka aliitazama tena na tena, na mwaka 1952 akaichora upya Bambi nzima kwa mkono wake kama manga.

Ukiziweka pamoja unaona undugu: mtoto wa mnyama, risasi ya mwindaji, msitu unaosubiri mkubwa wake mpya. Tofauti ni kwamba Tezuka alicheza na wazo hilo mpaka likageuka. Bambi anamkimbia binadamu. Leo amelelewa naye, anamjua, anampenda, na bado anajua kwamba ndiye aliyemuua baba yake.

Herufi moja tu

Mwaka 1965 Leo aliingia kwenye televisheni ya Japani, katika mfululizo wa kwanza wa katuni za rangi nchini humo, vipindi 52. Mwaka uliofuata ukapelekwa Marekani, na huko akabadilishwa jina: akawa Kimba. Fred Ladd, aliyesimamia toleo la Kiingereza, alisimulia kwamba walitaka kumwita Simba, kwa Kiswahili kabisa. Shida ikawa kwamba hilo ni neno la kila mtu, haliwezi kumilikiwa na kampuni. Wakabadilisha herufi ya kwanza, biashara ikaendelea.

Halafu 1994 ikaja The Lion King, na shujaa wake ni nani? Simba. Mtoto wa mfalme aliyeuawa, nyani mzee mwenye busara, ndege mwenye maneno mengi, fisi, na simba mbaya mwenye kovu jichoni. Wachoraji wa Japani wakiongozwa na Machiko Satonaka waliiandikia Disney barua ya kulalamika. Disney wakakana kuiga. Kampuni ya Tezuka Productions nayo haikwenda mahakamani.

Ubishi huo haujaisha hadi leo. Kiukweli una pande mbili: baadhi ya picha zinafanana mno, lakini hadithi zenyewe zinakwenda njia tofauti. Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo lingine la kutafakari. Waliomleta Kimba waliona neno simba halimilikiki, lakini Disney waliomba mwaka 1994 kusajili "hakuna matata" kama alama ya biashara Marekani, kwa ajili ya mavazi, na wakapewa mwaka 2003. Ilipofika 2018 ndipo kelele zikapigwa mitandaoni, na Mzimbabwe Shelton Mpala akaanzisha ombi la kutaka wauachie msemo huo.

Nchi isiyo na watu

Tofauti kubwa kati ya simba hawa wawili haizungumzwi sana, na ndiyo inayogusa huku kwetu. Nchi ya Simba wa Disney haina binadamu hata mmoja. Hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna mtoto anayechunga mbuzi. Ni kama picha za vipeperushi vya utalii: nyasi, machweo, simba juu ya jiwe.

Kwa Tezuka watu wamejaa, na ugomvi wenyewe unaanzia kwao. Katika mfululizo wa televisheni, Panja anasakwa kwa sababu anavamia vijiji na kuchukua mifugo. Wanakijiji wanachoka, mwindaji anaitwa. Hiyo ni kesi ambayo mfugaji yeyote wa Endulen au Nainokanoka anaijua, maana simba akiingia zizini usiku hasara ni ya mwenye ng'ombe, na hasira pia ni yake.

Leo anataka kuimaliza kesi hiyo kwa makubaliano: watu na wanyama wakae pamoja. Mwaka 1959, miaka mitano baada ya sura ya mwisho ya manga hiyo, Ngorongoro ilitengwa na Serengeti na kuwa eneo la hifadhi ambalo wafugaji wanaruhusiwa kuishi humo na mifugo yao. Kilomita za mraba zipatazo 8,292, simba na ng'ombe ndani ya mpaka mmoja. Aliyeiandika sheria hiyo hakuwa amesoma katuni ya Kijapani, bila shaka. Ila wazo ni lile lile.

Ugumu nao ni ule ule. Katika televisheni Leo anaanzisha shamba ili wala nyama wapate chakula kingine. Kwa sheria za Ngorongoro shamba hilo lingemtia matatani mapema sana. Kilimo kilipigwa marufuku ndani ya eneo hilo mwaka 1975, kikaruhusiwa tena kwa muda kuanzia 1992, kisha kikazuiwa tena. Ukivuka lango la Lodoare kurudi Karatu, mahindi na kahawa vinalimwa hadi karibu na msitu. Tembo wao hawasomi mabango.

Leo hii makubaliano ya 1959 yako kwenye mzani. Wakazi wameongezeka na kupita 100,000, na tangu Juni 2022 maelfu wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari na kwamba hifadhi imeelemewa. Wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wanapinga, wanasema huduma za jamii zimepunguzwa ili watu waondoke. Mtoto wa Tokyo anaweza kumsoma Leo kama ndoto nzuri ya zamani. Mtoto wa Ngorongoro anaisoma huku nyumbani kwao suala hilo hilo likijadiliwa.

Waafrika walivyochorwa

Hapa Tezuka hana utetezi mkubwa. Afrika yake ni msitu mnene, na Waafrika aliowachora ni wale wa sinema za Tarzan: midomo mikubwa, mikuki, sketi za majani. Wanyama wana majina, hulka na mawazo yao. Wanakijiji wengi hawana hata jina. Mwaka 1990 malalamiko dhidi ya picha za namna hiyo yalipamba moto Japani, na matoleo yaliyofuata ya kazi zake yamewekewa maelezo ya kumwambia msomaji kwamba picha hizo ni za enzi zake na haziwakilishi watu halisi. Picha zenyewe hazikufutwa. Mzazi anayemtafutia mtoto kitabu hiki alijue hilo mapema.

Simba wa kweli

Simba weupe wapo, lakini si Ngorongoro. Wanajulikana zaidi eneo la Timbavati, Afrika Kusini, na weupe wao unatokana na jeni adimu, si ualbino. Madume ya kreta yetu sifa yao ni kinyume: manyoya meusi ya shingoni.

Maisha yao yamekuwa na misiba kushinda ya katuni. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wanaouma walizaliana kupita kiasi kwenye kreta na kuwadhoofisha simba mpaka wakabaki kama kumi tu. Wengi waliozaliwa baadaye wametokana na hao wachache na madume kadhaa waliotoka nje, ndiyo maana watafiti wanahofia kuzaliana kwa ndugu.

Kwenye manga pia kuna tauni. Inaingia msituni, inamuua Raiya, mke wa Leo, na madaktari wa kibinadamu ndio wanaokuja kuokoa waliobaki. Serengeti ilipitia kitu cha kufanana nacho mwaka 1994, mwaka ule ule Simba wa Disney alipojaza kumbi za sinema: ugonjwa wa virusi unaotoka kwa mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi, kama 1,000 hivi. Baadaye kampeni za chanjo zikapelekwa vijijini, kwa mbwa.

Na siku hizi shirika la KopeLion limeajiri vijana wa jamii za wafugaji wa Ngorongoro, wanaoitwa ilchokuti. Wanafuata nyayo za simba, wanawaambia wachungaji wasipite wapi leo, wanasaidia kutafuta ng'ombe waliopotea na kuimarisha maboma. Kazi ya kutembea, jua kali, vumbi. Ni ya taratibu, na ndiyo inayofanana zaidi na kile Leo alichokuwa anakitaka.

Mwisho wa hadithi

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Leo akiwa mtu mzima anaongoza msafara wa wanasayansi kupanda Mlima wa Mwezi, kutafuta mawe ya ajabu. Dhoruba ya theluji inawamaliza mmoja mmoja, mpaka wanabaki wawili, Leo na mzee mwenye masharubu makubwa, Higeoyaji. Leo anaona wote hawawezi kutoka wakiwa hai. Anamchokoza mzee makusudi ili ajitetee, amuue, ale nyama yake na kujifunika ngozi yake.

Mzee anateremka mlima akiwa amevaa ngozi nyeupe. Huko chini anakutana na simba kijana anayerudi nyumbani kutoka mjini, kwenye nchi za watu. Ni Rune, mtoto wa Leo. Wanaondoka pamoja kuelekea msituni, na njiani mzee anaanza kumweleza habari za baba yake.