Mizigo ya Ng'ambo na Amana Yake: Tangu Upepo wa Kaskazi hata Makontena

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia bahari kuwa njia baina ya umma na umma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alichukua mali ya Bibi Khadija akasafiri nayo hata Sham, akarudi na faida, na jina lake kwa watu lilikuwa Mwaminifu.

Ama baada ya hayo. Watu wa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji hata Usumbura, ambayo leo huitwa Bujumbura, wako mbali na bahari ya chumvi. Hata hivyo Uislamu wao ulifika kwa njia ya mizigo ya bahari. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikuja kutafuta pembe. Na pamoja nazo zikaja Kiswahili, kanzu na chuo cha Kurani. Kwa hiyo habari ya mizigo si habari ya matajiri peke yao, bali ni sehemu ya nasaba ya mji.

Zamani mwenye amri juu ya mizigo alikuwa upepo. Kaskazi ilivuma tangu Disemba hata Machi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha kusi ikashika tangu Aprili, ikayarudisha kwao. Chombo kilifanya safari moja kwa mwaka, na tajiri aliyekosa msimu alikosa mwaka mzima. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikileta nguo za pamba. Nguo ile ikaitwa merikani, na jina hilo likajulikana bara hata kwa watu wasiopata kuiona bahari maisha yao yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, tangu 1861 hata 1865, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Hapo akajifunza mwenye akili kwamba bunduki ikilia upande mmoja wa dunia, bei hupanda sokoni upande wa pili.

Mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja kwa ratiba. Tangu siku hizo upepo ukavuliwa amri yake, na hesabu ya mizigo ikahama kutoka msimu ikaingia katika tarehe.

Lakini bahari ilikuwa nusu ya safari. Kutoka Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji palikuwa na mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200, na mizigo yote ilikwenda juu ya mabega na vichwa vya watu. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, na kila mtemi alitaka hongo. Mali yenyewe mara nyingi ilikuwa ya mkopo: matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, waliwakopesha wasafiri kama Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, nao wakalipa kwa pembe waliporudi. Wala haifai kuficha kwamba katika njia ile ile walipitishwa wanadamu, wameuzwa kama bidhaa. Ilikuwa dhuluma kubwa, na soko lake la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba chini ya nguvu ya Waingereza. Mwenye kusimulia sifa za wazee na asimulie na hili pia, ili ushahidi wake uwe wa haki.

Katika zama hizo lilitokea Ujiji jambo moja ambalo kila mwenye kuagiza mali kutoka mbali yampasa alijue. Tarehe 23 Oktoba 1871 Daktari Livingstone, Mwingereza, alirejea Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na amedhoofika. Tumaini lake lilikuwa katika mizigo aliyotumiwa kutoka Unguja. Akakuta imekwisha. Yule aliyekabidhiwa alikuwa ameiuza yote: katika yadi 3,000 za nguo haikubaki yadi moja, na katika ratili 700 za shanga haukubaki ushanga mmoja. Naye alikuwa na hoja yake: alipiga fali kwa Kurani, ikamwonyesha kwamba mwenye mali amekwisha kufa! Kitabu kilichoteremshwa kuamrisha kurudisha amana kikafanywa chombo cha kuila amana.

Siku chache baadaye akamwendea Livingstone mzee mmoja wa Ujiji, jina lake Saidi bin Majidi. Akamwambia kwamba yeye hana nguo wala shanga, lakini anazo pembe. Basi na ziuzwe baadhi yake, na thamani yake apewe mgeni. Hakuwa na deni kwake, wala dini yao haikuwa moja. Livingstone aliyaandika mambo haya mawili katika daftari yake, ubaya wa yule na wema wa huyu, na yote mawili yakasomwa Ulaya. Mji ulikuwa mmoja na dini ya watu wawili wale ilikuwa moja. Kilichowatenga ni namna walivyoitazama mali ya mtu asiyekuwapo.

Kisha zikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, na kazi ya upagazi katika njia ile ikafa. Meli yao Graf von Götzen, iliyoshushwa ziwani mwaka 1915 na kuzamishwa na wenyewe mwaka 1916, iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Na mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji waliafikiana kwamba Wabelgiji wapewe mahali pao bandarini Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ya kutozwa ushuru wa nchi ipitayo. Mahali pale paliitwa Belbase. Faranga moja ni kitu kidogo. Lakini kwa nchi isiyo na bahari, haki ya kupita ni nusu ya riziki.

Thamani ya haki hiyo ilionekana tarehe 31 Julai 1996, majirani walipoiwekea Burundi vikwazo vya biashara, visiondolewe hata Januari 1999. Bei zikapanda, na aliyeumia kwanza ni maskini.

Ama makontena, yalianza Marekani. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston na masanduku 58 ya alumini. Leo sanduku hufungwa kwa lakiri huko kiwandani, likapita meli, reli na gari pasipo kufunguliwa njiani isipokuwa kwa amri ya forodha. Mwenye mzigo mdogo hushiriki sanduku na wenziwe. Mwenye haraka hutumia ndege, akalipa nauli kubwa. Mwenye mzigo mzito huchagua meli, akasubiri. Kutoka baharini yuko achaguaye Dar es Salaam, yuko achaguaye Mombasa. Na kutoka Dar es Salaam iko njia ya barabara mpakani Kobero, na iko njia ya reli hata Kigoma kisha ziwa. Wala hakuna njia isiyo na hatari: mfereji wa Suez ulifungwa na vita tangu 1967 hata 1975, na mwisho wa 2023, kwa mashambulio ya Bahari ya Shamu, meli nyingi zilirudi kuizunguka Rasi kama zile za Salem.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si nauli ni kiasi gani. Swali ni hili: muuzaji ataubeba mzigo kwa gharama yake hata wapi, na ukipotea baada ya hapo hasara ni ya nani? Yuko auzaye mlangoni pa ghala yake, yuko auzaye hata melini, yuko auzaye pamoja na nauli na bima hata bandari ya mnunuzi. Mwaka 1936 Chama cha Kimataifa cha Biashara kilitoa kanuni za kufafanua maneno haya, ili watu wasigombane. Na karne nyingi kabla ya hapo, Aya ya Deni katika Suratul Baqara, ya 282, ilikwisha waamrisha waumini waandike miamala yao ya muda, ndogo na kubwa, na waweke mashahidi.

Wanazuoni nao wamesema kwamba wakili ni mwaminifu: halipi kilichopotea pasipo kosa lake, lakini akifanya hiana au uzembe, hulipa. Hukumu hii yamhusu wakala wa forodha wa leo kama ilivyomhusu yule wa Ujiji. Lakiri hulinda mlango wa sanduku, wala haiwezi kulinda moyo wa mtu mwenye ufunguo.

Mwenyezi Mungu awasamehe waliotangulia, azibariki biashara za halali, na awajaalie vijana wa mji huu kuwa wenziwe Saidi bin Majidi katika kuichunga mali ya asiyekuwapo. Amin.