Mwalimu wa UPE na mwalimu wa mtandaoni

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Nyanda za Juu Kusini. Mhariri alinituma Mbeya nikaandike habari ya walimu wanaosoma mafunzo ya kazini kwa njia ya mtandao. Wakati wa kurudi Dar nikashuka Mafinga, mkoani Iringa, kumsalimia bibi. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: mwalimu anayefundishwa kutoka mbali, je, anafundisha vizuri zaidi, na mtoto anaambulia chochote? Nilidhani ni swali jipya. Kumbe limemzidi umri mama yangu.

Turudi nyuma kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe kabla ya 1977 kwisha. Hiyo ndiyo UPE. Mwaka 1974 nchi ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi takriban milioni 1.2, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walishapita milioni 3. Sasa jiulize, walimu watoke wapi? Vyuo vilivyokuwepo visingetosha hata kidogo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka shule za vijijini. Wakawa wanafundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowafuata huko huko. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki chache tu. Kuanzia 1976 hadi 1984 njia hiyo ilitoa makumi ya maelfu ya walimu.

Bibi yangu ni mmoja wao. Alianza 1976 akiwa na miaka 18, katika kijiji kimoja cha Mufindi. Nanyi mnajua jina "mwalimu wa UPE" lilivyogeuka kuwa tusi. Nakiri hapa: nikiwa chuo kikuu, likizo moja nilimcheka mtu kwenye runinga nikasema, "Huyu naye ni UPE." Bibi alikuwa amekaa pembeni. Hakusema kitu.

Je, dhihaka ile ilikuwa na haki? Mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris ilichapisha utafiti wa Mählck na Temu, waliowalinganisha walimu wa Tanzania waliosomea vyuoni na wale waliosomea vijijini. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko maneno ya mitaani. Udhaifu ulionekana zaidi kwenye sayansi, na hilo halishangazi. Maabara huwezi kuitangaza redioni.

Safari hii nilimuuliza bibi mwenyewe kilichomfanya awe mwalimu. Nilitegemea ataje redio. Akacheka.

"Redio, mjukuu wangu? Betri zikiisha tunazianika juani. Aliyenifundisha ni mkufunzi. Anafika na baiskeli, anakaa nyuma pamoja na watoto, kimya. Kipindi kikiisha tunatoka nje, ananionyesha nilipowapoteza watoto. Wiki inayofuata anarudi kuona kama nimejirekebisha."

Maneno hayo yalinirudisha Rungwe, nilikokuwa siku mbili kabla. Kuna mpango wa serikali unaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mwalimu anasoma mada kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha anakutana na wenzake katika jumuiya za kujifunza. Mwalimu mmoja kijana alinionyesha kishikwambi chake. Mtandao anaukamatia juu kidogo ya shule, karibu na miparachichi. "Kaka, mada nimezimaliza zote," akaniambia. "Lakini tangu nianze kazi hajaja mtu kukaa darasani kwangu anione nikifundisha."

Afrika Kusini walilipima jambo hilihili. Katika shule za mkoa wa Mpumalanga, kuanzia 2017, kundi moja la walimu lilitembelewa darasani na mshauri, na kundi jingine lilipata mshauri kwa simu na kishikwambi. Baada ya miaka mitatu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamepanda katika kuzungumza na kusoma Kiingereza. Wa kundi la pili walipanda kidogo katika kuzungumza, lakini katika kusoma hawakupanda. Tena wakarudi nyuma katika kusoma lugha yao ya nyumbani.

Sisemi mtandao hauna faida. Mwalimu wa kijijini anapata leo mada ambazo bibi angezisubiri posta mwezi mzima. Ninachosema ni kwamba posta, redio na kishikwambi vyote ni vyombo vya kufikisha somo. Ualimu unakomaa pale mtu anapokuja kukuona, kisha akarudi tena. Na tukitaka kujua kama mafunzo yamefaa, tusihesabu walioingia kwenye mfumo wala vyeti vilivyotolewa. Tumpe mtoto wa darasa la tatu ukurasa mmoja asome.

Kabla sijapanda basi nilimwomba bibi radhi kwa lile neno la siku ile. Akasema alishasahau. Sidhani kama alisahau. Halafu akaniuliza jina la yule mwalimu wa Rungwe, na kama shule yake iko mbali sana na barabara ya lami.