Namba 4 haikuwa muziki: namna Quake ilipoteza sauti yake, na namna ilirudishwa kwenye diski ngumu

Wandugu, kuna swali moja limenikaa kichwani miaka mingi. Juu ya nini mchezo wa kompyuta unaweza kufunguka vizuri, picha zote ziko, bunduki zinalia, milango inakwaruza, lakini muziki hakuna, na mashini hailalamiki hata kidogo? Kwetu Bukavu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi tulijua Quake namna hiyo. Ilitoka kwenye diski ngumu ya mtu mmoja ikaenda kwa mwingine, na boksi lake wala CD yake hatukuviona. Kumbe mchezo huo, ulipotoka 1996, ulikuwa na muziki mzima uliotungwa na Trent Reznor, yule wa Nine Inch Nails. Hata alama ya kundi lake iko ndani: imechorwa juu ya maboksi ya misumari unayookota njiani. Maboksi tuliyaokota kila siku. Muziki haukufika.

Ili kuelewa ulibaki wapi, lazima turudi nyuma kidogo, mpaka kwa CD yenyewe. Philips na Sony walikubaliana kanuni zake mwaka 1980, katika kile wanachoita Kitabu Chekundu, na CD za kwanza zikauzwa 1982. Kanuni ni rahisi: sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Sahani inagawanywa kwa nyimbo zenye namba, zisizozidi 99. Hakuna majina ya nyimbo, hakuna faili, hakuna folda. Namba tu na mahali pa kuanzia. Baadaye ikaja CD-ROM, ya kubebea data, kwenye sahani ileile. Njo pale watengenezaji wa michezo waliona mlango: sahani moja inaweza kubeba vyote viwili, namba 1 iwe data ya kompyuta, namba 2 kwenda mbele iwe muziki wa kawaida.

Quake iko vile. Namba 1 ni mchezo, namba 2 mpaka 11 ni Trent Reznor. Mtu aliyenunua CD halali aliweza kuitia mu redio ya nyumbani na kusikiliza kama albamu, mradi aruke namba 1. Asiporuka, redio za zamani zilijaribu kupiga data kama sauti, na bafle zikatoa kelele ya kuogopesha.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui, hata kati yetu tuliosoma informatiki: kompyuta haikuwa inapiga ule muziki. Lekteri ya CD ilikuwa ni redio kamili ndani ya kompyuta. Ilikuwa na kifaa chake cha kugeuza namba kuwa sauti, na nyingi zilikuwa na tundu la ekuteri pale mbele, zingine mpaka na kifungo cha kuanzisha wimbo. Nyuma yake kulitoka waya mwembamba ambao ulienda moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Muziki ulipita kwenye waya huo bila kugusa prosesa. Mchezo ulitoa amri tu: piga namba 4. Ni kama mtu ameketi mu nganda, anamwambia DJ "weka ya ine", alafu anaendelea na chupa yake. Hajui DJ anaitafuta wapi, na si kazi yake kujua.

Kuna watu wanasema ulikuwa uvivu. Mimi nasema hapana, hesabu inawatetea. Muziki wa CD unakula baiti 176,400 kila sekunde, yaani zaidi ya MB 10 kwa dakika. Faili mbili kubwa za Quake, pak0 na pak1, zenye nivo zote, majini yote na milio yote, jumla yake ni karibu MB 50. Kwa maneno mengine, dakika tano za muziki zilikuwa na uzito wa mchezo mzima! Na diski ngumu za 1996 zilikuwa za GB 1 ao 2, kwa mwenye bahati. Kuubana muziki kwa MP3? MP3 ilikuwepo, lakini kuifungua kulihitaji nguvu, na Quake ilikuwa tayari inaikamua Pentium mpaka tone la mwisho ili ichore ulimwengu wa pande tatu. Kuacha muziki kwenye sahani, upigwe na lekteri bila kuisumbua prosesa, ilikuwa akili ya fundi.

Lakini akili ile ilikuwa na bei yake. Lekteri iko na jicho moja la laseri. Haiwezi kusoma data ya namba 1 huku inapiga namba 4. Kwa hiyo data ilinakiliwa yote kwenye diski ngumu siku ya kuweka mchezo, na CD ikabaki kwa ajili ya muziki. Kuanzia siku hiyo, kile kilichoonekana kwenye diski kilifanana na mchezo kamili. Folda iko, faili ziko, unabonyeza, inafunguka. Ukichukua folda hiyo ukampa rafiki, unampa kila kitu kinachoonekana, na muziki hauonekani.

Angalia vile uhusiano wenyewe ulivyo mwembamba. Ndani ya kila nivo ya Quake kuna maelezo ya mwanzo yanayoeleza ulimwengu wake, na hapo kuna neno "sounds" na namba moja. Basi. Nivo haijui jina la wimbo wala urefu wake, wala kama upo. Hata mkicheza wengi kwa mtandao, seva inatuma namba tu kwa kila mchezaji, na kila lekteri inatafuta kwenye sahani yake. Matokeo yake ni ya kuchekesha: ukitia CD ingine yoyote ya muziki, mchezo unaikubali. Weka CD ya Papa Wemba, na utapigana na majini ndani ya ngome ya giza huku gitaa la rumba linakusindikiza, namba kwa namba, na Quake haitauliza swali.

Haitauliza swali hata sahani ikikosekana. Njo kiini cha mambo yote. Mwaka 1999 kampuni ya id Software ilitoa msimbo wa Quake kwa watu wote, na ndani yake kuna faili ndogo inaitwa cd_null.c. Ina amri zote za muziki: piga, simamisha, endelea. Na zote hazifanyi kitu. Iliandikwa kwa ajili ya mashini zisizo na CD, ili mchezo utoe amri zake, zipokelewe, na kimya kiendelee bila kosa lolote kuandikwa popote. Sijaona faili inayoeleza kimya chetu cha Bukavu vizuri kama hiyo.

Na tusifikiri kwamba kimya kilikuwa cha maskini peke yao, ama cha wale waliokopi. Kilifika kwa kila mtu, polepole. Waliotaka kutunza CD zao walitengeneza picha ya ISO, na ISO inabeba data peke yake. Nyimbo zinabaki nje, bila onyo. Alafu ule waya mwembamba ukatoweka. Windows 2000 na XP zilijua kuvuta sauti ya CD kupitia waya wa data, hivyo kwa muda mambo yalienda, lakini lekteri mpya za SATA zilikuja bila tundu la ule waya wa zamani, na baadaye laptopu zikaja bila lekteri kabisa. Mwaka 2007 Quake ikaanza kuuzwa kwenye Steam, halali, kwa pesa, na ile iliyouzwa haikuwa na muziki. Mnunuzi wa Marekani alipata kilekile tulichopata sisi. Kwenye Steam, toleo lililorudisha muziki rasmi lilikuja 2021, miaka 25 baada ya mchezo kutoka.

Katikati hapo, walioshika kazi ni wachezaji wenyewe. Kwa Quake, njia ilikuwa wazi kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Pahali ambapo amri "piga namba 4" iliishia hewani, walitia programu inayotafuta faili kwenye diski ngumu. Wakati huo diski zilikuwa zimekua, prosesa zimepata nafasi ya kupumua, na Ogg Vorbis, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2002, iliwapa njia ya kubana muziki bila kuombwa malipo ya hataza kama MP3. Leo, kwa programu nyingi za Quake, unatengeneza folda "music" ndani ya "id1", unaweka track02.ogg, track03.ogg na kuendelea. Nivo inaomba namba yake kama mwaka 1996, na inajibiwa.

Kazi ngumu ilikuwa kwa michezo ambayo msimbo wake haukutolewa. Hapo unafanya nini? Huwezi kubadili anayeomba, kwa hiyo unabadili anayejibu. Michezo ya Windows ilituma amri za CD kupitia maktaba moja ya mfumo inaitwa winmm.dll. Watu wakaandika maktaba ya kuigiza: inapokea amri ileile, inasema "ndiyo, sahani iko ndani, ina nyimbo kadhaa", na kwa siri inapiga faili za Ogg kutoka kwa diski ngumu. Moja ya hizo inaitwa _inmm.dll, na jina lake linaeleza ujanja wote: unafungua faili ya mchezo, unatafuta neno winmm, unafuta herufi ya kwanza na kuweka mstari mdogo mahali pake. Herufi moja tu, na mchezo unamuuliza mtu mwingine. Sikatai, mimi napenda ujanja huu kuliko toleo lolote jipya la dukani, juu hauharibu kitu. Mchezo unabaki unaamini uko mwaka 1997 na CD inazunguka.

Kwa michezo ya DOS kuna DOSBox, iliyotoka 2002, ambayo inaigiza kompyuta nzima, pamoja na lekteri. Unaipa faili ya CUE, maandishi ya kawaida kabisa yanayosema: namba 1 ni data na iko hapa, namba 2 ni sauti na iko pale. Unaweza hata kuelekeza namba za muziki kwa faili za Ogg ao MP3. Ukiwa na BIN na CUE, sahani yako ni kamili. Ukiwa na ISO peke yake, una nusu.

Kabla ya hayo yote lakini lazima muziki utoke kwenye sahani, na hapo muda ni adui. Kila kipande cha CD kina baiti 2,352. Kwenye data, 2,048 tu njo za kutumia. Karibu zote zinazobaki ni za kugundua na kurekebisha makosa. Kwenye muziki, zote 2,352 ni sauti, hakuna ulinzi wa ziada. Wavumbuzi walifikiri sikio litasamehe kosa dogo, na kweli linasamehe. Lakini maana yake ni kwamba kwenye CD ileile yenye mikwaruzo, mchezo unaweza kusomeka safi wakati muziki umeanza kutoboka. Programu nzuri za kutoa muziki zinasoma mahali palepale mara nyingi na kulinganisha. Kama kuna mtu kati yenu anatunza CD ya zamani ya mchezo, ya Quake, ya Tomb Raider, ya Half-Life ya 1998, aanze na nyimbo, data itafuata.

Alafu azingatie namba. Programu nyingi za kutoa muziki, zikikuta CD ya namna hii, zinaruka data na kuuita wimbo wa kwanza 01. Kwa redio hakuna shida. Kwa Quake, kila nivo itapata wimbo wa jirani yake, na hakuna kitakachokuambia, juu mchezo unaomba 4 na kitu fulani chenye namba 4 kinapigwa. Faili ya kwanza ndani ya folda lazima iitwe track02. Ukiona folda ya mtu inaanza na track01, mwambie asogeze zote hatua moja, na aanzie mwisho: kwanza 10 iwe 11, alafu 9 iwe 10, hivyo hivyo kurudi nyuma, asije akafuta wimbo mmoja kwa mwingine.