Akina Swai Wawili, Daftari Moja

Mwaka 1933 KNCU ilichukua nafasi ya KNPA, iliyoasisiwa mwaka 1925 na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Ushirika huishi kwa daftari la wanachama. Na kule Machame, ambako akina Swai na akina Lema ni wengi, jina pekee halimtambulishi mtu.

Mwaka 1953 Hans Peter Luhn wa IBM alipendekeza hashi: kukokotoa kutoka kwenye taarifa yenyewe namba ya mahali pa kuihifadhi. Mwaka 1998 Java ikapata HashSet, mkusanyiko usiopokea kitu kilekile mara mbili. Lakini maana ya “kilekile” huamuliwa na mwandishi wa programu. Akilinganisha majina badala ya namba za uanachama, Swai wa pili huachwa nje kimyakimya.

Kabla ya kusafisha orodha yoyote ya umma, tuulize: nani ameamua kwamba wawili hawa ni mmoja?