Yenye Mlango wa CD au Isiyo na Mlango?

Mtoto wa marehemu kaka yangu amemaliza darasa la saba. Ananiita baba mdogo, na kwangu ni mwanangu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Siku ya arobaini ya baba yake, mwaka 2021, nilimwahidi mbele ya bibi yake kwamba akimaliza shule ya msingi nitamnunulia PS. Unajua ahadi za msibani: mtu anazitoa ili mtoto anyamaze kulia. Nilidhani atasahau. Septemba iliyopita, jioni ile ile aliyofanya mtihani wa mwisho, simu ikaita kutoka Tanga.

"Baba mdogo, shikamoo. Nimemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana."

"Ahsante." Kisha kimya. Mtoto ana adabu, neno PS hakulitaja. Alinyamaza tu mpaka nikalitaja mwenyewe.

Basi nikaenda Kariakoo. Mimi ni mwandishi wa habari, naweza kukueleza tofauti ya muswada na sheria, lakini mara ya mwisho kushika pedi kwa dhati nilikuwa chuo. Kijana wa dukani akanipangia mzigo juu ya meza: PS5 za aina mbili, Xbox Series S nyeupe, Nintendo Switch, na PS4 kadhaa za mtumba. Akauliza swali moja tu: "Braza, unataka yenye mlango wa CD au isiyo na mlango?" Isiyo na mlango ina nafuu, akasema, na siku hizi kila kitu unashusha mtandaoni. CD ni mambo ya zamani.

Nikamwambia nitarudi. Siku tatu mfululizo usiku, badala ya kulinganisha bei, nilikuwa nasoma historia. Kumbe swali la yule kijana lina karibu miaka hamsini, na kila kampuni iliyoinuka au kuanguka katika biashara hii ililijibu kwa namna yake: je, gemu ikae ndani ya mashine, au itoke uishike mkononi?

Mwanzoni ilikaa ndani. Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu za nyumbani kuuzwa madukani, ilitoka Marekani mwaka 1972 kutokana na kazi ya Ralph Baer. Ilikuwa na kadi za kuchomeka, ndiyo, lakini kadi zile hazikubeba gemu yoyote. Zilikuwa zinaunganisha tu njia za umeme ambazo tayari zimo ndani ya mashine. Nyingi zilizofuata zilikuwa na gemu moja au chache za kudumu. Ukichoka na tenisi ya mezani, umechoka na mashine nzima.

Mwaka 1976 ikatoka Fairchild Channel F, na hapa kuna jina ambalo ningependa kila mpenzi wa gemu wa Kiafrika alijue: Jerry Lawson. Alikuwa mhandisi Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Brooklyn, katika zama ambazo watu weusi katika kazi ile California walihesabika kwa vidole. Wazo la gemu inayochomoka lilianzia kwa wahandisi wa kampuni nyingine iitwayo Alpex. Lawson na wenzake pale Fairchild ndio waliolifanya liingie sebuleni: kaseti ya plastiki ya manjano ambayo mtoto anaweza kuichomeka na kuichomoa mara elfu bila kuunguza mashine. Channel F yenyewe haikutamba. Mwaka uliofuata Atari wakaja na mashine yao ya kaseti, ile iliyokuja kuitwa 2600, wakachukua soko lote. Lakini jambo lilikuwa limeshafanyika. Gemu ilikuwa imekuwa kitu chenye mwili, kama kitabu. Unaweza kuinunua, kuiuza, kuiazima, kuiiba, kuirithi.

Kitu chenye mwili kina matatizo yake. Mwaka 1979 waandishi wanne wa programu waliondoka Atari kwa sababu majina yao hayakuandikwa kwenye kazi zao, wakaanzisha Activision, wakaanza kutengeneza kaseti za mashine ya tajiri wao wa zamani. Wapenzi wa vitabu mtaielewa kesi hii bila maelezo. Baada yao kila mtu akataka kutengeneza kaseti, nzuri na mbovu. Kufikia 1983 maduka ya Marekani yalijaa takataka, soko likaporomoka, na Atari wakaenda kufukia mzigo wa kaseti kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 watu walichimba wakazikuta kweli.

Julai mwaka huo huo wa 1983, kule Japani, Nintendo walitoa Famicom. Walipoipeleka Marekani mwaka 1985 wakiiita NES, waliiwekea chipu ya kufuli ili isikubali kaseti ambayo wao hawajaidhinisha. Lakini ile ya Japani haikuwa na kufuli. Ndiyo maana viwanda vya Asia vikaweza kuinakili bila shida, tena kwa bei ya kutupa, nakala zikasambaa Urusi, India, Amerika Kusini, na hatimaye zikatufikia sisi. Kwa hiyo nilipokuwa mtoto Tanga, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nacheza gemu za Kijapani kwenye mashine ambayo Nintendo hawakuijua, na mimi nao sikuwajua. Sisi tuliiita "TV gemu", basi.

Kaka aliinunua kwa hela ya likizo, akaja nayo na kaseti moja ya manjano. Juu yake iliandikwa mlolongo wa namba tisa, eti idadi ya gemu zilizomo. Ukihesabu vizuri hazifiki kumi, zinajirudia kwa majina mengine. Kaka ndiye aliyenifundisha kuipuliza kaseti isipowaka. Leo nasoma kwamba Nintendo walikuwa wakionya watu wasipulize, mate yanaharibu vyuma, na kwamba kilichokuwa kinasaidia ni kule kuitoa na kuirudisha tu. Sijali. Tulipuliza.

Mtaani kwetu kaseti zilitembea kama zilivyotembea riwaya za Willy Gamba za Elvis Musiba: unaazima leo, kesho mwenzako anaazima kwako, na kinachorudi si lazima kiwe kile ulichokitoa. Kitabu kinarudi hakina jalada. Kaseti inarudi imeandikwa jina la mtu usiyemjua. Hakuna aliyekuwa na kaseti zaidi ya tatu, lakini mtaa mzima ulikuwa na maktaba.

Wakati huo wakubwa walikuwa vitani. Sony na Nintendo walikuwa na mpango wa kutengeneza pamoja mashine ya CD, na mwaka 1991, kwenye maonesho ya Chicago, Sony walitangaza mpango ule hadharani. Kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba wanafanya kazi na Philips. Aibu ile ilimsukuma Ken Kutaragi wa Sony kuendelea peke yake, na PlayStation ikatoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Mwaka uliofuata, katika maonesho ya E3, Sega walitangaza mashine yao ya Saturn kwa dola 399. Mtu wa Sony, Steve Race, alipopanda jukwaani alisema namba moja tu, 299, akashuka.

Bei ilisaidia, lakini CD ilisaidia zaidi. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilibaki na kaseti, ambayo hata iliyokuwa kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64. CD ilibeba mara kumi, na kuitengeneza kuligharimu kidogo. Kampuni ya Square ikahamisha Final Fantasy VII kwenda Sony, wengine wakafuata. PlayStation ikapita milioni 100. Nintendo 64 iliishia karibu milioni 33.

PS2 ya mwaka 2000 ilipiga sinema za DVD pia, na ikauza zaidi ya milioni 155, hakuna konsoli iliyoifikia mpaka nilipoanza kuandika haya. Sisi tuliijua kwenye vibanda: TV nne, mabenchi, jasho, na mwenye kibanda anayehesabu mechi kwa kokoto. Diski zilikuwa za kunakili na mashine zilikuwa zimechipiwa, sitakudanganya. Ule haukuwa uhalali. Lakini ndivyo mtoto asiye na kitu alivyoshika pedi.

Sasa twende 2013, mwaka ambao swali la yule kijana wa Kariakoo liliulizwa mbele ya dunia nzima. Microsoft walitambulisha Xbox One kwa dola 499 na masharti: mashine ijiunge na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kuwe na taratibu za kumpa mtu gemu uliyokwisha kuitumia. Yaani ukitaka kumpa rafiki yako diski, kuna ngazi za kupanda. Juni mwaka huo Sony wakatoa bei ya PS4, dola 399, na video ya sekunde zisizofika thelathini ikifundisha jinsi ya kuazimana gemu. Wafanyakazi wawili wamesimama. Mmoja anampa mwenzake diski. Mwisho wa somo. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 19 Juni Microsoft walifuta masharti yale yote.

Watu walishinda, bwana. Ila ushindi wenyewe umekuja kuliwa taratibu. Mwaka 2020 Xbox Series S ilitoka bila mlango wa diski, na PS5 ikawa na toleo la aina hiyo pia. Mwaka 2023 Nintendo walifunga maduka yao ya mtandaoni ya 3DS na Wii U. Gemu zilizokuwa zinauzwa humo tu, leo huwezi kuzinunua kihalali popote. Mwaka huo huo taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni. Fikiria fasihi ya Kiswahili ikifutwa kwa kiwango hicho, halafu utafute Shaaban Robert kwenye kumi na tatu zilizobaki.

Haki nayo isemwe: diski za leo si kaseti za zamani. Nyingi zinahitaji kushusha masasisho yanayokula bando, na baadhi ya vifurushi vya dukani ndani vina ufunguo tu wa kushushia. Kijana wa Kariakoo hakunidanganya. Kwa mtu mwenye intaneti nzuri na akaunti yake mwenyewe, isiyo na mlango ni rahisi na inatosha.

Lakini mimi najua jambo moja kuhusu akaunti. Kaka alipofariki aliacha simu. Humo mlikuwa na gemu alizonunua, vitabu, na sauti zake. Hakuna aliyejua namba ya siri. Shemeji alijaribu tarehe ya harusi, tarehe ya kuzaliwa mtoto, mwaka aliomaliza chuo, mpaka simu ikajifunga moja kwa moja. Ipo kabatini. Mtoto huwa anaichaji mara moja moja, aione picha ya mbele.

Kwenye kabati hilo hilo, ndani ya kopo la biskuti, kuna ile kaseti ya manjano. TV gemu yenyewe ilikufa zamani. Oktoba nilinunua nyingine ya elfu chache, ya Kichina kama ile ya kwanza, ina tundu lile lile la Famicom ya 1983. Nikaichomeka. Haikuwaka. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ikawaka.

Kesho yake nilirudi Kariakoo. PS5 yenye mlango ilinizidi kimo, na isiyo na mlango niliiweza nikaiacha. Nilichukua PS4 ya mtumba, pedi mbili, na diski tatu: ya mpira, ya magari, na moja ya hadithi ndefu ambayo nilitaka aisome kama kitabu. Ni mashine ya mwaka 2013, gemu mpya zinazidi kuipita, na labda baada ya miaka michache nitajilaumu. Kijana alinitazama kwa huruma, akanipunguzia bei ya diski.

Wiki ya tatu shemeji akanipigia, ana hasira. "Shem, mwanao kaazimisha ile ya mpira kwa watoto wa mtaa wa pili, na haijarudi. Hela yako ile!"

Nikamuuliza, na yeye kaazima nini?

Akageuka kumuuliza mtoto. Nikasikia sauti kwa mbali, anataja gemu ambayo sikumnunulia.