Ugomvi wa Mwisho wa Hadithi

Ukambani kuna neno iweto. Mwanamke aliyekosa mtoto, hasa wa kiume, hutoa mahari ya mbuzi na ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake. Huyo aolewaye ndiye iweto. Mwanamume wa kuzaa naye hutoka nje, na watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama mkubwa, wakairithi ardhi yake. Eugene Cotran, mwanasheria aliyekusanya sheria za kimila za Kenya, aliitaja ndoa hii katika kitabu chake cha mwaka 1968. Wazee wa Kitui na Makueni waliijua kabla ya kitabu. Lengo lake ni kwamba musyi, yaani nyumba, isife.

Naanza na iweto kwa uangalifu. Si mapenzi ya jinsia moja, na anayeieleza hivyo anawasingizia wanawake walioishi katika ndoa hizo. Naitaja kwa sababu kila filamu ya wapenzi wa jinsia moja inapozuka, jibu la kwanza huwa kwamba utamaduni wetu unajua boma la namna moja tu. Haukuwa hivyo. Jamii iliwaona wanawake wawili wakishika boma moja, ikawatafutia nafasi na jina. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo ya Wanandi katika kesi ya urithi. Tamthilia zetu hazijawahi kuonyesha subira kama hiyo kwa watu wanaopendana wakiwa wa jinsia moja.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, inayotumika hadi leo kuamua kipi kionyeshwe, ilitungwa mwaka huohuo, siku za mwisho za ukoloni. Kanuni ya Adhabu nayo ilikuwa na kifungu cha 162, chenye kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono “kinyume cha maumbile”, ikiwemo kati ya wanaume. Katika uzio huo ndimo ilimokulia michezo tuliyoipenda: Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tausi. Tuliona humo mume mlevi, mke mwenye wivu, mkwe mgomvi. Mpenzi wa jinsia moja simkumbuki.

Aliingia sebuleni kupitia Naijeria. Miaka ya 2000 stesheni zetu zilijaa filamu za Nollywood, na kanda zake zikafika kwenye vibanda vya video vya masoko ya Ukambani. Vijijini, televisheni iliwashwa kwa betri ya gari, na betri yenyewe ilibebwa kwa baiskeli au punda hadi sokoni kuchajiwa. Majirani walijazana, watoto chini sakafuni, wazee vitini. Wanawake wawili wakisogeleana kwenye kioo, mtu alikohoa, mwingine akanyoosha mkono kupunguza sauti. Lakini hakuna aliyezima. Kila mtu alitaka kujua mwisho.

Na mwisho ulijulikana. Emotional Crack ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Lancelot Imasuen, ni mfano mzuri. Mke anayepigwa na mumewe anapata faraja kwa mwanamke mwingine, na kwa muda mtazamaji anaielewa faraja hiyo. Kisha mapenzi yanageuka wazimu, na hadithi inaishia kwenye msiba. Filamu nyingi za aina hiyo zilifuata njia hiyohiyo: mhusika aliruhusiwa kuonekana mradi afe, arukwe na akili au aokoke.

Wakenya walipoanza kusimulia wenyewe, walianza kwa kusikiliza. Kundi la The Nest la Nairobi lilirekodi simulizi za watu halisi, na kutokana nazo Jim Chuchu akaongoza Stories of Our Lives, hadithi 5 fupi zisizo na rangi. Zilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2014. Mwezi uliofuata Bodi ya Uainishaji wa Filamu ikazipiga marufuku nchini, na mtayarishaji, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kupiga picha bila leseni. Mwaka 2015 filamu hiyo ilipata tuzo ya Teddy ya baraza la waamuzi mjini Berlin.

Kisha ikaja Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha la Cannes, mwaka 2018. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana mtaani. Jina lenyewe limebeba historia: Kahiu ameeleza kuwa wapenzi wengi wa jinsia moja hutambulishana kwa neno hilo, rafiki, ili maswali yaishe. Pwani neno shoga lilipita njia ya kinyume. Wanawake waliitana hivyo kwa upendo, na wengine wangali wanaitana, lakini bara limekuwa tusi.

Bodi ilimtaka Kahiu abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Alikataa, na Aprili 2018 filamu ikapigwa marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliifungulia kwa siku 7, na watu wakapanga foleni Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukambani tulibaki na habari za marufuku redioni. Tulilisikia jina la filamu mara nyingi bila kuona uso hata mmoja wa wahusika wake, na mtu asiye na uso ni rahisi kumtukana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliunga mkono marufuku hayo.

Filamu iliyo karibu zaidi na maisha ya Kitui ni I Am Samuel ya Peter Murimi, iliyopigwa marufuku Septemba 2021. Si tamthilia, ni maisha halisi: kijana anayefanya kazi mjini, mpenzi wake wa kiume, na wazazi shambani, baba akiwa mhubiri, wakingoja mwana alete mke nyumbani. Kungoja huko kunajulikana katika kila kijiji cha Makueni.

Mwaka 2022 Country Queen, mfululizo wa kwanza wa Kenya kwenye Netflix, ulionyesha kwamba Kikamba kinaweza kusikika katika tamthilia inayotazamwa duniani kote. Mwandishi wa mji wa Wote au wa Mwingi hana haja ya kukopa. Anaye baba anayeuliza mbona mwana haoi, anaye mama anayejua na kunyamaza, analo shamba la kugawa, na nyanya anayekumbuka iweto aliyemlea. Namwomba jambo moja tu. Akimweka mpenzi wa jinsia moja hadithini, amwache aishi hadi sehemu ya mwisho, akae kwenye kiti, ale na wenzake.